Uso, mikono, ukimya au kitu kilichoachwa mezani? Njia nne za kuonyesha hisia zisizosemwa katika katuni za mashabiki

Katika katuni za mashabiki, zile tunazochora kwa wahusika wa hadithi za wengine, ukishachora kurasa tatu za wahusika wawili wanaopendana, au waliokosana, au vyote viwili kwa mpigo, utafika pale pale tunapokwama wote: wanatakiwa wahisi kitu bila kukisema. Ukiweka kiputo chenye maneno "Nilikuwa na hofu juu yako", hadithi imekwisha. Ukiwaacha wasimame wakitazamana tu, msomaji anadhani umesahau kuandika maneno.

Njia za kujinasua ni nyingi, lakini ukizichambua zinarudi kwenye nne: uso, mwili, hasa mikono na umbali, fremu za kimya, yaani visanduku vya picha visivyo na maneno, na vitu vinavyowazunguka wahusika, pamoja na mwanga na rangi. Kila mara nasikia wachoraji wakibishana ipi ni bora. Mimi najiuliza jambo jingine kabla sijashika kalamu: mhusika huyu anaficha nini, na kimemponyoka wapi? Anayeficha hisia huziba milango. Kila njia kati ya hizi nne ni mlango mmoja ambao anaweza kuusahau wazi.

Tukio la kupimia litakuwa moja kwa njia zote. Mpiga upanga aliondoka alfajiri bila kuaga. Amerudi usiku, kiganja kimechanika. Tabibu wa kundi lao anamfunga bendeji. Tabibu amekasirika kwa sababu alishinda na hofu kutwa nzima, na hofu hiyo ina jina ambalo hayuko tayari kulitaja. Neno pekee litakalosemwa ni "Nyosha vidole." Tukio hili tumelichora karibu sote, kila mtu na wahusika anaowapenda.

Vigezo

Cha kwanza ni usomekaji. Kioo cha simu kina upana wa sentimita 7 hivi, na ukurasa wa A4 una sentimita 21. Maana yake kila ulichochora kwenye ukurasa mzima kinamfikia msomaji kikiwa theluthi ya upana wake, na kidole chake tayari kinasogeza.

Cha pili ni nafasi: njia inakula fremu ngapi? Mtandao wa X hupokea picha 4 kwa chapisho moja na Instagram hadi 20, na wengi wetu tumeshazoea kupima hadithi kwa mipaka hiyo hata bila kukusudia.

Cha tatu ni kazi ya mkono, yaani ustadi na saa zinazohitajika.

Cha nne ni uaminifu kwa mhusika, na hiki ndicho kinachotutofautisha na wanaobuni wahusika wao wenyewe. Msomaji wa katuni ya shabiki anamjua mhusika kabla hujamchora. Anajua kwamba huyu hakutoa chozi hata siku alipomzika kaka yake. Ukimliza kwa sababu ya bendeji, utakuwa umechora mtu mwingine aliyevaa nguo zake.

Cha tano ni msomaji mgeni: yule ambaye hajawahi kuisoma hadithi asilia ataondoka na nini?

Uso

Kila mtu huanzia hapa, na ana sababu. Tabibu ameinamisha kichwa, midomo imenyooka kama mstari, ila ncha za ndani za nyusi zimeinuka kidogo. Midomo inatoa amri, nyusi zinaomba.

*Usomekaji.* Hakuna njia inayoushinda uso kwa kasi. Jicho la msomaji hukimbilia uso kabla ya kitu kingine chochote kwenye fremu. Shida inakuja pale hisia zinapokuwa mbili kwa wakati mmoja, na hisia isiyosemwa karibu kila mara ni mbili: ile inayoonyeshwa na ile inayofichwa. Dawa yake ni kuzigawa sehemu za uso zisikubaliane. Daktari Mfaransa Duchenne aliandika mwaka 1862 kwamba tabasamu la kweli linauhusisha msuli unaozunguka jicho, na kwamba msuli huo hautii amri kwa urahisi kama ule unaovuta pembe za midomo. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi: mpe mhusika mamlaka juu ya mdomo, mnyang'anye macho na nyusi.

Alama tulizozirithi kutoka katuni za Kijapani, kama tone la jasho kando ya kichwa au mishipa iliyopishana kwenye paji la uso, zinasomeka haraka zaidi hata ya uso wenyewe. Lakini hizo ni maneno yaliyovaa sura ya picha. Kwenye ucheshi zinapendeza. Kwenye tukio la bendeji, tone moja la jasho linaigeuza hofu ya tabibu kuwa kichekesho.

*Nafasi.* Fremu moja inatosha.

*Kazi.* Mistari ni michache, ila kila mmoja una uzito. Nilipochora tukio hili mara ya kwanza niliipandisha kope ya chini ya tabibu kwa unene wa kalamu mbili tu, nikitaka aonekane anajizuia asilie. Msomaji mmoja akaniuliza kama tabibu anaumwa jino. Nikaufungua mchoro tena, na kweli alikuwa anaumwa jino.

*Uaminifu.* Wahusika wa barakoa na kofia za chuma wametoka moja kwa moja. Wenye nyuso kavu, la: kwao nyusi iliyosogea milimita moja ni sawa na ukelele, mradi umewaonyesha katika hali yao ya kawaida fremu chache kabla.

*Mgeni.* Ataielewa hisia, hataujua uzito wake. Ataona mtu mwenye wasiwasi, na hatajua kwamba mtu huyo hajawahi kuonyesha wasiwasi maishani.

Njia hii inamfaa mwenye fremu moja au mbili, mchoraji wa vichekesho, na yeyote ambaye wahusika wake ni watu wa kuonyesha mambo usoni.

Mikono, mabega na umbali

Nikiri mapema kwamba hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa hiyo nikizidisha chumvi mnisamehe.

Rudi kwenye amri ile, "Nyosha vidole." Mchore mpiga upanga asivinyooshe. Vidole vimebaki vimejikunja nusu, kwa sababu vikinyooka bendeji itaisha kufungwa na mkono utarudishwa kwa mwenyewe. Tabibu naye anazungusha kitambaa mzunguko mmoja zaidi ya ulivyohitaji kidonda. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, na tayari tumejua.

*Usomekaji.* Ni wa polepole kuliko uso. Mkono uliochorwa kwenye kona ya fremu pana hautaonekana kwenye simu, kwa hiyo upe fremu yake. Umbali unasomeka vizuri zaidi ukichorwa kwa mbali, miili mizima ya wote wawili ndani ya fremu, ili pengo kati yao lipate umbo.

Kuhusu umbali, mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall aliweka vipimo mwaka 1966: hadi sentimita 45 hivi ni eneo la watu wa karibu sana, kutoka hapo hadi mita 1.2 ni la marafiki na watu tunaofahamiana nao. Yeye mwenyewe alionya kwamba namba hizo alizipata kwa Wamarekani aliowachunguza na kwamba jamii hutofautiana. Kwa mchoraji, namba si muhimu kama mabadiliko. Onyesha kwanza wahusika wako husimama umbali gani siku za kawaida, halafu uuvunje.

Sasa angalia mtego wa tukio letu. Wakati wa kufunga bendeji wawili hawa wako ndani ya sentimita 45, lakini ukaribu huo hausemi lolote, kwa sababu kazi imewapa kisingizio. Unaanza kusema pale fundo linapokazwa na kisingizio kinapokwisha. Wakibaki walivyo, hata kwa fremu moja, hapo ndipo penye hadithi. Nimeona wachoraji wengi hodari wakimaliza ukurasa kwenye fundo, fremu moja kabla ya ile iliyowaleta.

*Nafasi.* Fremu 2 au 3: kabla, mguso, na kinachobaki baada ya mguso.

*Kazi.* Mikono ni migumu, tusidanganyane. Tafuta kitambaa, mfunge mtu kiganja, mpige picha. Nilipofanya hivyo niligundua jambo ambalo nisingelibuni kichwani: bendeji huanzia kwenye kifundo cha mkono, na kidole gumba cha mfungaji hukandamiza ncha yake isitoroke. Yaani kidole cha tabibu kipo karibu kabisa na mahali pa kusikilizia mapigo ya moyo, na kina sababu halali ya kuwepo hapo. Sababu halali ikisha kwisha, kiache palepale. Mabega na miguu ni rahisi zaidi kuchora na husahaulika: mabega yaliyoelekea mlangoni wakati ncha za miguu zimeelekea kwa mwenzake ni sentensi nzima.

*Uaminifu.* Njia hii inawatendea haki wahusika wasiri, kwa kuwa wengi wao wanaulinda uso na kuusahau mwili. Ila chunguza desturi ya mhusika kwenye hadithi asilia. Kama ni mtu wa kumshika kila mmoja begani, kumshika huyu begani si habari. Habari ni mkono ulioinuka, ukafika karibu na bega, ukarudi.

*Mgeni.* Anaelewa sana, pengine kuliko njia nyingine zote. Hahitaji kujua majina yao ili ajue kwamba fundo limekazwa na hakuna aliyeondoka.

Inamfaa anayechora wahusika wa maneno machache, wapinzani wanaogeuka marafiki, na yeyote mwenye subira ya kujifunza kuchora mikono.

Fremu za kimya

Mwanzoni mwa karne ya 20 mtengenezaji filamu wa Kirusi Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa mwigizaji, usio na hisia yoyote ya wazi, akaupanga baada ya bakuli la supu, baada ya jeneza, na baada ya mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliusifu uigizaji wake: njaa, huzuni, tamaa. Uso haukubadilika, waliubadilisha wao. Fremu za kimya zinaishi kwa jambo hilohilo. Unampa msomaji sababu, unampa muda, halafu unampisha.

Kwa tukio letu: fremu ya kwanza, fundo linakazwa. Ya pili, pembe ileile, hakuna kilichosogea. Ya tatu, pembe ileile, ila macho ya tabibu sasa yako juu. Mchoraji katuni Mmarekani Scott McCloud, katika uchambuzi wake wa katuni wa mwaka 1993, aliainisha namna sita za kuruka kutoka fremu moja hadi nyingine, na mojawapo ni ile isiyosogeza wakati kabisa: jicho linazunguka mahali palepale, taa, dirisha, mkono, sakafu. Aliona kwamba namna hiyo imeota mizizi zaidi kwenye katuni za Kijapani. Kwa hisia zisizosemwa inafaa mno, kwa maana mtu anayeogopa kutazamana na mwenzake kweli hutazama taa, dirisha, mkono, sakafu.

*Usomekaji.* Ndiyo hatari yake kubwa. Fremu tatu zinazofanana zinaweza kudhaniwa kosa la kupakia picha. Badiliko liwe moja, na liwe mahali ambapo jicho litafika. Kwenye katuni za kushuka kwa kusogeza kidole, nafasi tupu kati ya fremu ndiyo saa yako: pengo refu, sekunde nyingi. Na tafadhali, kiputo chenye nukta tatu si ukimya. Ni mtu anayetangaza kwamba amenyamaza.

*Nafasi.* Ni mlaji mkubwa. Ukiwa na picha 4 tu, kutumia mbili kwa ukimya ni uamuzi wa kufikiria mara mbili, ingawa mara nyingine ndio uamuzi bora wa katuni nzima.

*Kazi.* Mkono unapumzika, kichwa kinafanya kazi. Unaweza kunakili leya, yaani tabaka la mchoro kwenye programu ya kuchorea, na kubadilisha macho peke yake. Nakala kamili huleta utulivu wa jiwe. Ukichora upya juu ya ile ya kwanza, mistari inatetemeka kidogo na wahusika wanaonekana wanapumua. Mimi hunakili mandhari na kuchora watu upya.

*Uaminifu.* Ni mkubwa, maana hujamwekea mhusika kitu chochote mdomoni wala usoni. Lakini uhuru huo unaenda kwa msomaji pia: anayewaona wawili hawa kama wapenzi atasoma mapenzi, anayewaona kama ndugu wa damu atasoma undugu. Kuna wanaopenda hivyo na kuna wanaokereka. Jijue uko upande gani kabla hujachapisha.

*Mgeni.* Hapa ndipo anapoachwa nyuma zaidi. Ukimya hujazwa kwa kumbukumbu, naye hana.

Inamfaa mwenye kurasa za kutosha na wasomaji wanaoijua hadithi asilia nje ndani.

Vitu, mwanga na rangi

Hisia ikishazibwa kwenye uso na mwilini, huvujia chumbani. Mpiga upanga anapofungua mlango, bendeji tayari zimekatwa na kupangwa mezani kwa safu, na mafuta ya taa dirishani yamebaki kidole kimoja. Hatujamwona tabibu bado, na tunajua alivyoshinda.

*Usomekaji* wake mara nyingi ni wa kusoma mara ya pili, na wapo wasomaji watakaozipita bendeji zile bila kuziona. Rangi inawahi zaidi: mwanga wa taa unaomfikia mmoja na kuishia kwenye ukingo wa kivuli cha mwingine huonekana hata kwenye picha ndogo. *Nafasi* haihitaji ya ziada, kwa kuwa kitu kinakaa ndani ya fremu ambayo ungeichora hata hivyo. *Kazi* ni mandhari, na mandhari ni jasho, ingawa anayeijua rangi atapona kwa nusu ya saa. *Uaminifu* ni salama kwa sababu hujamgusa mhusika. *Mgeni* ataelewa bendeji zilizoandaliwa, ila akikutana na utepe mwekundu uliotoka sura ya tisa ya hadithi asilia, kwake utakuwa utepe tu.

Upo pia mtindo wa kuichora hisia yenyewe nyuma ya mtu: maua, nyota, giza linalotiririka, fremu zisizo na mipaka. Wachoraji wa Kijapani wa katuni za wasichana wa miaka ya 1970, wakiwemo Moto Hagio na Keiko Takemiya, waliufikisha mbali sana. Ni mtindo wenye sauti. Ukiutumia, hisia haijajificha tena, imeonekana na msomaji wakati mhusika wa pili bado haoni, na tofauti hiyo ina utamu wake.

Njia hii kwa jumla inamfaa mwenye mkono mzuri wa mandhari au rangi, na anayechora kwa wasomaji wanaorudia.

Uchague ipi, kwa hali yako

Una fremu moja tu: uso, na kitu kimoja mezani kinachoupinga. Uso mkavu wa tabibu pamoja na safu ya bendeji zilizoandaliwa unafanya kazi ambayo uso wenye machozi hauwezi.

Una picha nne na wahusika wasiri: mikono. Ya kwanza wafike, ya pili amri, ya tatu fundo, ya nne wabaki walivyo. Usiweke maneno kwenye ya nne hata ukishawishika.

Una kurasa nane au zaidi, na wasomaji wako ni mashabiki wa siku nyingi: jenga kwa fremu za kimya, halafu uwe na mguso mmoja tu, karibu na mwisho. Mguso wa pili utaupunguzia wa kwanza thamani.

Wasomaji wako wengi ni wageni: mikono na umbali viwe mbele, alama za hadithi asilia ziwe nyuma kama zawadi kwa wanaojua.

Ndio kwanza unaanza na mikono inakushinda: ifiche kihalali. Mchore tabibu kwa nyuma, viwiko vimebanwa mbavuni, kichwa kimeinama kuliko kazi inavyodai, na mpiga upanga akimtazama utosini. Mabega yatabeba ambacho vidole havijaweza.

Unatamani kutumia zote nne kwa pamoja: ninaelewa, nimefanya. Nyusi zilipanda, kidole kikabaki kwenye kifundo, fremu tatu zikanyamaza, taa ikafifia. Ilikuwa kelele. Siku hizi ninaruhusu milango miwili kwa kila tukio, na mara nyingi mmoja wao unakanusha mwingine.

Na kama umeshachora na huna uhakika, futa viputo vyote kwenye nakala, umpe mtu asiyejua ulichokusudia, umuulize swali moja: nani hapa anaficha kitu? Akikuonyesha mhusika sahihi lakini akakosea hisia, mpango wako uko sawa, rekebisha uso au mkono. Akikuonyesha mhusika asiye sahihi, rudi kwenye mpangilio wa fremu. Akikuuliza kama tabibu anaumwa jino, anza na kope ya chini.